Kabla ya Dozi ya Kwanza

Yapo maradhi ambayo ndani yake kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili. Mojawapo ni uvimbe sugu wa utumbo, ambao una sura mbili kuu. Ya kwanza ni ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. Ya pili ni kolaitisi ya vidonda, inayokaa kwenye utumbo mpana. Msomaji asichanganye maradhi haya na vidonda vya tumbo ambavyo kila mtaa una mtu anayevilalamikia. Vile mara nyingi huletwa na bakteria na hupona kwa antibayotiki za wiki mbili hivi. Uvimbe sugu ni ugonjwa wa miaka. Mgonjwa huharisha damu, hukonda, hupungukiwa damu, huamka usiku mara kadhaa kukimbilia chooni, na wengi huanza kuugua wakiwa vijana wa sekondari au wa chuo. Usipotibiwa, utumbo unaweza kuziba au kutoboka.

Katika nchi zetu maradhi haya bado ni machache, lakini kadiri hospitali zinavyopata vipimo vya kamera vya kutazama utumbo, ndivyo yanavyozidi kutambuliwa, hasa mijini. Ndugu zetu walio Ulaya, Marekani na Ghuba wanayapata pia. Na dawa zinazoyatuliza vizuri, kwa sehemu kubwa, hufanya jambo moja: hupunguza nguvu ya kinga ili utumbo upate nafasi ya kupona. Zipo steroidi kama prednisoloni, ambazo ni rahisi na zinapatikana karibu kila mahali. Vipo vidonge vya azathioprini. Na zipo sindano na dripu za kizazi kipya, kama infliksimabu na adalimumabu, ambazo huzuia kemikali moja ya mwili iitwayo TNF, mojawapo ya kemikali zinazochochea uvimbe. Dawa hizi zimewarudisha vijana darasani na kuwaepusha watu wengi na kisu cha upasuaji. Nasema hivi mapema kwa sababu makala haya yanahusu hatari zake, na sitaki mtu ayasome kisha aende kuitupa dawa yake.

Hatari yenyewe ni maambukizi. Kinga iliyopunguzwa kwa ajili ya utumbo hupungua pia mapafuni, kwenye ini na kwenye damu. Ufaransa, ambako kumbukumbu za bima ya afya za taifa zima zinaweza kuchambuliwa kwa pamoja, watafiti walifuatilia zaidi ya wagonjwa 190,000 wa uvimbe sugu wa utumbo. Kwa kila wagonjwa 1,000 wasiotumia dawa hizi, takriban 8 kwa mwaka walipata maambukizi makali ya kulazwa hospitalini. Waliotumia azathioprini au dawa za jamii yake walikuwa kati ya 10 na 11. Waliotumia dawa za kuzuia TNF walifika karibu 19, na waliochanganya aina zote mbili, takriban 22. Kwa hiyo hatari huongezeka zaidi ya maradufu, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, katika watu 1,000 wanaotumia dawa ya kuzuia TNF, zaidi ya 970 humaliza mwaka bila kulazwa kwa maambukizi makali.

Takwimu hizo ni za Ufaransa. Huko kifua kikuu ni nadra, minyoo ni michache na maji ya bomba hunywewa bila kuchemshwa. Sisi tukizichukua jinsi zilivyo tutajidanganya, na sababu yake inaonekana vizuri tukirudi kwenye ugunduzi ulioanzisha mjadala wote huu.

Infliksimabu iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ajili ya ugonjwa wa Crohn, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa kwa baridi yabisi ya viungo. Kufikia mwaka 2001 watu wapatao 147,000 duniani walikuwa wameipata. Majaribio ya mwanzo yalikuwa yameonyesha kwamba inafanya kazi, na madhara yake yalionekana ya kuvumilika. Ndipo wataalamu wa usalama wa dawa walipoanza kupitia taarifa zilizokuwa zikitumwa na madaktari, moja moja, kutoka sehemu mbalimbali, na kuona kitu kinachojirudia. Walikusanya visa 70 vya kifua kikuu kwa watu waliotumia dawa hiyo. Katika 48 kati ya hivyo, ugonjwa ulijitokeza baada ya dozi tatu au pungufu. Nusu yao waliugua ndani ya wiki 12 hivi tangu dozi ya kwanza. Na jambo lililowashtua zaidi ni kwamba katika visa 40 kifua kikuu kilikuwa nje ya mapafu, kwenye tezi, kwenye utando wa tumbo na kwingineko, na kwa wagonjwa 17 kilikuwa kimesambaa mwilini. Si kawaida ya kifua kikuu kufanya hivyo kwa mtu mwenye kinga timamu.

Fikiria maana ya wiki 12. Mtu anayeambukizwa kifua kikuu leo kwa kawaida huchukua muda mrefu kabla ya kuugua, na wengi hawaugui kabisa. Ugonjwa kuzuka haraka namna hiyo, mara tu baada ya dozi chache, ulikuwa ushahidi kwamba vijidudu havikutoka nje. Vilikuwa ndani tangu zamani, vimelala.

Hili lilieleweka kwa sababu kazi ya msingi ilikwisha kufanyika. Mwaka 1995 majaribio ya panya yalionyesha kwamba panya asiye na TNF inayofanya kazi hawezi kuhimili kifua kikuu; hufa upesi. Kwa binadamu, bakteria wa kifua kikuu anapoingia na kushindwa kuenea, seli za kinga humzingira na kumjengea boma. Hazimuui, lakini hatoki. Anaweza kukaa humo miaka 30 huku mwenye mwili akilima, akizaa na kuzeeka bila kukohoa hata siku moja. TNF ndiyo amri inayowaweka walinzi zamu kwenye boma hilo. Izime amri, na walinzi huondoka mmoja mmoja.

Sasa tazama takwimu moja iliyobaki. Kati ya visa 70 vya mwaka 2001, 64 vilitoka katika nchi zenye kifua kikuu kidogo. Kwa makadirio ya kimataifa, karibu robo ya watu wote duniani wanabeba bakteria huyo akiwa amelala. Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo zimo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Kama hatari hiyo ilionekana waziwazi mahali ambapo waliobeba bakteria ni wachache, hapa kwetu haifai kuwa jambo la kukumbukwa baadaye.

Habari njema ni kwamba hatari hii inazuilika, na ushahidi wake hauna shaka kubwa. Hispania, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na kifua kikuu kingi kuliko majirani zake wengi, ilianzisha utaratibu rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000: kabla ya dawa ya kuzuia TNF, kila mgonjwa aulizwe historia yake, apigwe picha ya kifua na apimwe kipimo cha ngozi. Mwenye dalili za bakteria aliyelala apewe kwanza dawa za kinga. Baada ya utaratibu huo, kifua kikuu kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia infliksimabu kilipungua kwa asilimia 78. Uchunguzi wa baadaye nchini humo uliona kwamba pale ambapo utaratibu haukufuatwa kikamilifu, uwezekano wa kuugua ulikuwa mara 7 zaidi. Haikuhitajika dawa mpya wala mashine ya ajabu. Kilichohitajika ni vipimo ambavyo vilikuwepo, vikifanywa kwa wakati wake.

Wakati wake ni kabla, na kuna sababu ya kitaalamu ya kusisitiza hivyo. Kipimo cha ngozi, na hata kile cha damu kinachotumika siku hizi, hutegemea kinga ya mwili kujibu. Mgonjwa akishakunywa steroidi kwa wiki kadhaa, kinga yake inaweza kunyamaza na kipimo kikasema hana kitu. Kipimo cha ngozi kina kasoro nyingine pia kwa watu wetu: chanjo ya BCG tuliyochomwa utotoni inaweza kukifanya kionyeshe maambukizi yasiyokuwepo. Kile cha damu hakidanganywi na BCG, ila ni ghali na hakipatikani kila wilaya. Ndiyo maana daktari makini haamini kipimo kimoja. Atauliza nani nyumbani aliwahi kukohoa kwa muda mrefu, nani aliwahi kutumia dawa za TB, umewahi kufanya kazi mgodini, umewahi kuwekwa mahabusu. Mgonjwa asione aibu kujibu, kwani maswali hayo ni sehemu ya kipimo.

Akikutwa na bakteria aliyelala, hutibiwa kwa vidonge vya isoniazidi kwa miezi 6 au zaidi, au kwa mchanganyiko mpya zaidi unaomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Kwa kawaida dawa ya kuzuia TNF husubiri kama mwezi mmoja tangu kinga hiyo ianze. Hapo pana tahadhari: baadhi ya dawa hizo za kinga hupunguza nguvu ya prednisoloni na ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo dada anayetumia vidonge hivyo aambiwe mapema.

Na hapa ndipo ninapoona tumaini lililo letu wenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20, zahanati na vituo vya afya vya Afrika Mashariki vimehudumia watu wenye VVU. Muuguzi wa kituo cha kata anajua kuuliza maswali manne ya kifua kikuu: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Isoniazidi ya kinga anaijua, na kotrimoksazoli ya kuzuia nimonia ya wenye kinga dhaifu anaijua pia. Maarifa haya yamekwisha kulipiwa, tena kwa maisha ya watu. Mgonjwa wa utumbo anayepunguziwa kinga kwa dawa anahitaji maarifa yaleyale, na kilichobaki ni kliniki ya utumbo na kliniki ya TB kuzungumza.

Kabla hatujaondoka kwenye kifua kikuu, liko jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote. Kifua kikuu chenyewe hukaa utumboni. Hupenda pale ambapo utumbo mwembamba unakutana na mpana, upande wa kulia chini, na hapo ndipo ugonjwa wa Crohn nao hupenda kukaa. Dalili ni zilezile, na hata daktari mwenye kamera anaweza kuona vidonda vinavyofanana. Mmoja hutibiwa kwa kupunguza kinga. Mwingine hutibiwa kwa antibayotiki za miezi 6 au zaidi, na kumpunguzia kinga mgonjwa wake ni kumpa bakteria uhuru. Vinyama hukatwa na kupelekwa maabara, hupimwa kwa darubini na kwa mashine ya kutambua vinasaba vya kifua kikuu, na bado jibu huweza kuwa na utata. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, mara nyingine madaktari huamua kuanza dawa za TB na kumfuatilia mgonjwa kwa miezi miwili au mitatu waone kama vidonda vinafunga. Mgonjwa huona anachezewa. Hachezewi, huo ndio uangalifu unaostahili.

Uangalifu huohuo unamhusu mvuvi wa Ziwa Victoria. Akianza kutoa choo chenye damu, kichocho kinapaswa kutafutwa kwanza, maana minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kuleta picha inayoweza kufanana na kolaitisi, ilhali tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli. Amiba nayo ni hivyohivyo, na hii ni hatari zaidi: mtu mwenye amiba utumboni akipewa steroidi kwa kudhaniwa ana kolaitisi, utumbo unaweza kutoboka. Kipimo cha choo ni rahisi, lakini kinapuuzwa mno.

Steroidi zinastahili kutajwa peke yake. Watu wengi huogopa sindano mpya za bei kubwa na kumeza prednisoloni bila wasiwasi kwa kuwa wameizoea. Ushahidi hauungi mkono mazoea hayo. Katika tafiti nyingi za wagonjwa wa Crohn, steroidi zimehusishwa na maambukizi makali na hata vifo kwa kiwango kisichopungua, na mara nyingine kinachozidi, kile cha dawa za kuzuia TNF. Miligramu 20 kwa siku kwa wiki mbili au zaidi zinatosha kuhesabiwa kuwa kinga imepunguzwa. Hatari hupanda kwa kasi dawa zinapochanganywa. Uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2008 uliona kwamba dawa moja ya kupunguza kinga iliongeza uwezekano wa maambukizi nyemelezi karibu mara 3, lakini mbili au tatu kwa pamoja ziliuongeza zaidi ya mara 14. Idadi ya wagonjwa katika uchunguzi huo haikuwa kubwa, hivyo takwimu kamili zisishikiliwe sana, ila mwelekeo wake umethibitishwa na tafiti nyingine. Na kwetu prednisoloni huuzwa dukani bila cheti cha daktari, na wapo wanaomeza steroidi ili wanenepe tu.

Sasa mkulima. Yuko mnyoo mdogo sana aitwaye strongiloidesi, ambaye watu wachache wanamjua kwa jina ingawa dunia nzima ina mamia ya mamilioni ya watu wanaombeba. Huishi kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na huingia kwa kupenya ngozi ya mguu. Anayelima peku kwenye majaruba ya mpunga, mtoto anayecheza bila viatu kwenye udongo wa mvua, wote wanaweza kumpata. Safura nayo huingia hivyo. Tofauti ni kwamba strongiloidesi anaweza kukamilisha mzunguko wake wote ndani ya mwili wa mtu mmoja, akijizalisha upya bila kurudi udongoni. Kwa hiyo hafi na uzee. Wapo askari waliotekwa huko Asia ya Kusini Mashariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ambao walikutwa bado wana mnyoo huyu zaidi ya miaka 40 baada ya kurudi makwao Ulaya.

Kinga timamu humweka mnyoo huyo katika idadi ndogo, na mwenye naye huenda asihisi lolote zaidi ya muwasho au tumbo kusumbua mara mojamoja. Mpe mtu huyo prednisoloni, na mambo hubadilika. Minyoo huongezeka maelfu kwa maelfu, hutoka utumboni, hupita mapafuni, na katika safari hiyo hubeba bakteria wa utumbo na kuwaingiza kwenye damu na hata kwenye utando wa ubongo. Wengi wanaofikia hatua hiyo hufa hata wakiwa hospitalini. Na dalili za mwanzo, kuhara na maumivu ya tumbo, ni zilezile za ugonjwa wa utumbo; daktari asiyemfikiria mnyoo anaweza kuongeza steroidi.

Kinga ya janga hili ni ivermektini, dawa ileile inayogawiwa vijijini dhidi ya usubi na matende. Vidonge vya albendazoli wanavyopewa wanafunzi shuleni havimwondoi vizuri mnyoo huyu, hivyo kusema "nilikunywa dawa ya minyoo" hakutoshi. Miongozo mingi inashauri kupima, au pale vipimo visipopatikana kutoa ivermektini tu, kabla ya steroidi za muda mrefu kwa mtu aliyeishi maeneo yenye mnyoo huyu. Kuna tahadhari moja kubwa kwa wasomaji wetu wa Congo: katika maeneo ya misitu yenye ugonjwa wa loa, mnyoo wa jichoni, ivermektini inaweza kuleta madhara makubwa ya ubongo kwa mwenye minyoo mingi kwenye damu. Huko apimwe loa kwanza.

Mswahili anayetibiwa Minneapolis, London au Muscat analo jukumu lake hapa. Daktari wake huenda ni hodari sana wa utumbo na hajawahi kumwona strongiloidesi. Mwambie ulikulia wapi. Mwambie ulilima, ulitembea peku, ulioga ziwani, hata kama ni miaka 25 iliyopita.

Homa ya ini aina B ina hadithi inayofanana na ya kifua kikuu: virusi hulala kwenye ini, kinga ikipungua huamka, na ini linaweza kushindwa kabisa. Nchi zetu zilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake katika miaka ya 2000, kwa hiyo watu wazima wengi wa leo hawakupata chanjo hiyo utotoni. Kipimo chake cha damu ni cha bei ndogo. Mtu akikutwa na virusi hivyo, dawa kama tenofovir, ambayo imejaa katika mpango wa VVU, huvidhibiti huku tiba ya utumbo ikiendelea. Asiye navyo achanjwe. Mkanda wa jeshi nao huongezeka kwa watumiaji wa dawa hizi, hasa vidonge vipya vya kundi la tofasitinibu. Chanjo yake isiyo na virusi hai ipo ughaibuni, ingawa hapa nyumbani ni adimu.

Chanjo zinanifikisha kwa mama, na hapa naomba usomaji wa makini. Chanjo zilizotengenezwa kwa vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama BCG, surua na homa ya manjano, hazipaswi kupewa mtu ambaye kinga yake imepunguzwa kwa dawa. Nyingine, kama za mafua, pepopunda, homa ya ini B na saratani ya mlango wa kizazi, hazina tatizo hilo. Anayetarajia kusafiri kwenda nchi inayodai cheti cha homa ya manjano achanjwe kabla ya kuanza tiba, au apate barua ya daktari ya kumwondolea sharti hilo.

Jambo zito zaidi ni mtoto. Infliksimabu na adalimumabu hupita kwenye kondo la nyuma, hasa miezi ya mwisho ya ujauzito, na huweza kubaki kwenye damu ya mtoto kwa miezi 6 hadi 12. Mwaka 2010 iliripotiwa kutoka Uingereza habari ya mtoto ambaye mama yake alitumia infliksimabu muda wote wa ujauzito kwa sababu ya ugonjwa wa Crohn. Mtoto alizaliwa mzima. Akiwa na miezi 3 alichomwa BCG. Alifariki akiwa na miezi minne na nusu, bakteria wa chanjo wakiwa wamesambaa mwilini mwake. Uingereza BCG hupewa watoto wachache waliochaguliwa. Kwetu huchomwa karibu kila mtoto, mara nyingi kabla mama hajatoka wodini, na muuguzi anayechoma hana namna ya kujua dawa ya mama isipoandikwa.

Sasa tusigeuze habari hiyo kuwa sababu ya mjamzito kuacha dawa. Ugonjwa ukiwaka wakati wa ujauzito, mimba inaweza kuharibika au mtoto kuzaliwa njiti, na ndiyo maana ushauri wa sasa ni kuendelea na tiba kwa usimamizi wa daktari. Kunyonyesha pia kunaruhusiwa. Kinachotakiwa ni BCG icheleweshwe, na uamuzi kuhusu matone ya polio ufanywe na daktari wa watoto. Kuhusu matone ya rota, ushahidi wa karibuni unatia moyo, lakini daktari huyo aulizwe. Chanjo nyingine za kawaida zisizo na vijidudu hai ziendelee kwa ratiba. Mama, andika kwa kalamu juu ya kadi ya kliniki: natumia dawa ya kupunguza kinga. Mwambie mkunga, mwambie na mama mkwe atakayempeleka mtoto.

Dawa mpya zaidi zinaongeza matumaini. Vedolizumabu, iliyoidhinishwa mwaka 2014, huzuia seli za kinga kuingia utumboni bila kuigusa sana kinga ya sehemu nyingine za mwili, na kwa ujumla maambukizi makali nje ya utumbo yameonekana kuwa machache zaidi. Haifanyi kazi kwa kila mgonjwa, na huanza kusaidia polepole. Bei bado ni kikwazo kikubwa, ingawa tangu mwaka 2013, Ulaya ilipoidhinisha nakala ya kwanza ya infliksimabu, ushindani umeishusha bei ya dawa hiyo katika nchi nyingi. Haitakuwa kweli kusema kwamba tatizo la maambukizi limekwisha.

Nyumbani, mambo madogo yana uzito wake. Maziwa yachemshwe, hata ya kutengenezea mtindi, kwa sababu maziwa mabichi hubeba bakteria ambao mwenye kinga timamu huwashinda na mwenye kinga pungufu huenda asiwashinde. Anayekaa na mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili amhimize apimwe, kwa kuwa kipimo safi cha mwanzo wa tiba hakimlindi mtu na maambukizi ya mwaka ujao. Wazee wa zaidi ya miaka 60 wawe macho zaidi. Hatari yao ni kubwa kuliko ya vijana.

Na homa isisubiri. Steroidi zinaweza kuificha, kwa hiyo hata joto dogo, kikohozi kisichoisha au jasho la usiku ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Ukipimwa malaria na ikakosekana, usikubali kurudishwa nyumbani na panadoli kabla hujasema wazi ni dawa gani unatumia. Beba pakiti yake mkononi. Usiache dawa kwa uamuzi wako: prednisoloni ikikatishwa ghafla baada ya wiki nyingi inaweza kuuangusha mwili, na utumbo ulioachwa bila tiba hurudi na makali yake. Kama dozi ya kwanza bado, muulize daktari wako kuhusu kifua kikuu, homa ya ini B, minyoo na chanjo. Kama ulishaanza na hukuulizwa lolote kati ya hayo, rudi kliniki wiki hii ukaulize.